Aliyegoma Kuosha Vyombo

Dada yangu,

Huku tu wazima, ila ile cherehani uliyoniachia bado inakata uzi.

Kazini ni yale yale: nawafundisha maafisa ustawi namna ya kuzisaidia familia zinazolea watoto ambao hazikuwazaa. Kila darasa nawaambia, mtoto anayeomba ruhusa hata ya kunywa maji bado anajiona mgeni. Siwaambii kwamba binti niliyepewa nimlee ameniomba ruhusa za namna hiyo kwa miezi minane, nami najifungia bafuni nalia.

Leo nimemwambia aoshe vyombo. Akanuna. “Kwani kila siku mimi tu?” Akaubamiza mlango mpaka bawaba ikalegea.

Dada, nimeviosha mwenyewe huku naimba. Na fundi wa mlango simwiti kwanza.

Ni mimi mdogo wako, mikono bado ina povu.