Chai Kwanza, Kisha Habari

Garissa, Julai 1996

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na mguu wako: ule uvimbe umepungua, au bado unapanda ngazi za jirani kwenda kusuka ukili na kupiga soga? Mimi ni mzima. Joto la huku limenikausha kama samaki ng'onda, lakini nakula, nalala, naswali. Haya, leo nina jambo na siwezi kulingoja. Kaa kitako, umwambie kaka Omari akusomee taratibu, asiruke mistari kama kawaida yake.

Nilikwambia mwalimu mkuu alinipa kazi ya ushauri wa wanafunzi, mbali na kufundisha Kiswahili darasa la saba. Nilienda semina ya siku tatu Nairobi, nikarudi najiona daktari. Nikapewa stoo ya chaki, nikaipaka rangi, nikaweka meza na viti viwili vinavyotazamana, na mlangoni nikapigilia kibao: CHUMBA CHA USHAURI. Nikakaa. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili akaja mbuzi. Hata watoto wa kwenda chooni walizunguka mbali, maana ilishasemwa shule nzima kwamba anayeingia mle ni mwendawazimu.

Aliyeniuma moyo zaidi ni Hamdi, msichana wa miaka kumi na mitatu. Aliletwa kwa shangazi yake hapa mjini kutoka upande wa Liboi, baada ya majambazi kuvamia boma lao na kuswaga mifugo yote. Alikuwa hasemi. Ukimwita darasani anasimama, anatazama sakafu, anakaa. Daftari jeupe. Siku nyingine anaanguka mstarini asubuhi. Shangazi yake, Bi Halima, akaja kusema amechoka: shule ikifungwa atamtoa, amrudishe porini akachunge mbuzi wa watu. Basi nikamwita Hamdi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikamkazia macho na kumuuliza ana tatizo gani. Mama, mtoto alitetemeka mpaka kiti kikalia. Nilijichukia siku ile.

Zilipobaki wiki tatu shule ifungwe, nikaenda kumbembeleza Bi Halima nyumbani kwake. Nikakuta ndugu yao mmoja ndiyo kwanza ashuke kwenye lori la mifugo kutoka Liboi. Hakuna aliyemuuliza neno. Akaletewa maji, akaletewa chai ya maziwa ya ngamia, akanywa vikombe viwili kimya. Kisha Bi Halima akasema neno moja la Kisomali, "Warran," yaani toa habari. Yule bwana akaanza na mvua, akaja kwenye malisho, visima, ngamia, halafu watu, nani kazaa na nani kafa. Hakukatizwa hata mara moja, wanaitikia tu "haa, haa". Alipomaliza akamgeukia Bi Halima, naye atoe zake. Sisi Malindi tunaulizana habari tukipishana uchochoroni, "nzuri", na kila mtu na njia yake.

Hamdi alikuwa amekaa kando ya mlango. Naye alikuja kwa njia ile ile, miezi minane nyuma. Nikamuuliza Bi Halima, alipofika mtoto huyu nani alimuuliza habari? Akanijibu kwamba habari huulizwa mtu mzima.

Wallahi sikungoja. Kesho yake nikatoa meza na viti, kibao nikampa mpishi wa shule akakokee moto. Nikatandika mkeka, nikaleta chupa ya chai yenye iliki kama unavyopika wewe, mlango nikauacha wazi. Hamdi akanywa. Nikasema "Warran" kwa matamshi yangu ya Malindi, akatabasamu kidogo. Halafu akakaa wima.

"Habari yangu ni refu, mwalimu," akasema. "Naanza na mvua. Mvua ilikuwa hakuna."

Akaeleza visima vilivyokauka, akawataja ngamia wao mmoja mmoja kwa jina. Akafika alfajiri ile. Walikimbia, yeye kamshika mkono mdogo wake Abdi, wa miaka sita. Risasi zilipolia mikono ikaachana, na Abdi hakuonekana tena. Nyumbani wote walijua Abdi alipotea katika vurumai, lakini hakuna aliyejua kwamba wawili hao walikuwa wameshikana.

"Mkono niliacha mimi," akasema.

Ulimi ulinicheza nimwambie si kosa lake, lakini nilijizuia. Nikaitikia haa. Tukalia wote wawili, chai ikapoa. Kisha akapangusa uso kwa mtandio wake.

"Sasa habari imekwisha. Na wewe, mwalimu? Warran."

Nilishtuka, Mama. Nikajikuta namwambia habari za Baba: simu niliyopokea posta, basi lilivyokaa siku nzima kungoja msafara wa polisi wa kutulinda njiani, nikafika mmekwisha kumzika. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Na yule mtoto akaniitikia, haa, haa, mpaka nikamaliza.

Kwa ruhusa yake tukaenda kwa shangazi. Bi Halima alipika chai mwenyewe, akamuuliza habari kama anavyoulizwa mgeni, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaushika ule mkono wa Hamdi, akaugeuza huku na huku.

"Huu ni mkono ya mtoto," akasema. "Bunduki ilikuwa ya watu wazima."

Haondoki, Mama! Hamdi haondoki shule. Juzi ameandika insha ya ukurasa mzima na nusu, makosa tele, na sikuigusa kwa wino mwekundu. Bado kuna siku hapati usingizi, na wiki jana alianguka tena mara moja, lakini sasa anaitika jina lake. Kila Alhamisi baada ya alasiri tunatandika mkeka, na mkeka mmoja hautoshi. Maalim wa madrasa kachukua wavulana, anakaa nao vile vile. Hata mwalimu mkuu, mbahili yule, kanunua chupa ya pili ya chai. Nina furaha hata chaki inanidondoka mkononi.

Nisalimie shangazi Mwanajuma mpaka hina ya kucha zake, na jirani mwenye ngazi zake. Mke wa Omari mwambie barua yake nimeipata, na mtoto wao mbusu mashavu yote mawili.

Mama, tangu Baba atutoke, barua zako zinasema "sisi huku wazima", na zangu "mimi huku mzima", basi. Leo mimi nimetoa zangu zote. Omari akutilie chai, akae na kalamu, na asikukatize.

Warran, Mama.

Mwanao akupendaye,
Zuhura