Punda wa Baba Haendi Kwenye Kabati la Kioo

Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salaam zetu, wewe, wifi na wanangu wa huko. Sisi hatujambo. Magoti ya Mama yanamuuma asubuhi, mchana anayasahau, jioni anayakumbuka tena ukimwomba ashuke ngazi. Shemeji yako amepona mafua, sasa analalamikia mambo mengine. Mgongo wako je? Uliandika kwamba daktari amekukataza kunyanyua mizigo. Natumaini unamsikiliza yeye kuliko unavyonisikiliza mimi.

Barua yako ilifika Jumanne, pamoja na nakala ya ile karatasi uliyoitia sahihi. Nimekaa chumba cha habari miaka ishirini na mmoja, na jambo moja nililojifunza ni kutojibu karatasi siku ileile inayoniudhi. Nimengoja siku tano. Jibu la leo ni lilelile la Jumanne. Kaidi haendi.

Nianze na yale tunayokubaliana, tusije tukayagombania. Baba alikuwa seremala wa studio kwa miaka ishirini na miwili. Alipigilia misumari meza za wasoma habari na milango isiyofunguka kwenda popote. Kipindi cha watoto kilipotaka kikaragosi cha punda, huyu Kaidi, hawakuwa na fundi wa vikaragosi, wakamwambia yeye. Kichwa alikichonga kwa mbao ya kreti, masikio akayakata kwenye mkoba wa Mama uliochanika mkanda, na taya akalifunga waya wa breki ya baiskeli ili ukibana mkono punda aseme. Mama hajasamehe ule mkoba hadi leo.

Unakumbuka pia kipindi chenyewe kilivyokuwa. Kila Jumamosi kuna mtu anataka Kaidi aende mahali, na Kaidi hanyanyui mguu mpaka apewe sababu. Sababu moja, mguu mmoja. Sababu nne, ndipo aende. Mimi na wewe tulikuwa tunakaa sakafuni tukihesabu kwa vidole, na Baba nyuma yetu akitazama taya tu, kama linakwama.

Sasa nikuambie usiyoyajua, kwa sababu nimeyafuatilia.

Ulipoandika kwamba kituo cha televisheni kinaadhimisha kuanzishwa kwake na kinataka Kaidi awekwe kwenye kabati la kioo pale mapokezi, nilienda kuuliza. Sikwenda kama mwandishi, nilienda kama binti wa fundi, ingawa walinzi wa getini hawajui tofauti. Kanda za kipindi hazipo. Zilirekodiwa mpira juu yake, mechi baada ya mechi, mpaka zikaisha. Vinavyotazamwa leo mtandaoni ni vipindi vitatu tu, ambavyo watu walivirekodi nyumbani kwao. Katika kimoja unasikika mlango ukigongwa na mtu akisema anakuja.

Kwa hiyo wanamtaka Kaidi kwa sababu hawana kingine cha kuonyesha. Si kosa kutaka. Kosa ni kusema ni wao waliomtunza.

Nilimtafuta mtunza stoo wa zamani. Anaishi kwa mwanawe, amezeeka lakini kumbukumbu yake bado iko kwenye rafu. Aliniambia vikaragosi vyote viliorodheshwa kama vitu chakavu, vikapelekwa nyuma ya karakana kuchomwa. Baba alimfuata akaomba kimoja. "Nikamwambia, fundi, bila kibali mlinzi hatakupitisha na punda," alisema mzee huyo. "Nikamwandikia." Kisha akanitolea kitabu chake cha vibali, kwa maana mtu yule hajawahi kutupa karatasi. Nakala ya kaboni ipo, na sahihi ya mkuu wa stoo ipo. Imeandikwa: Punda mmoja, mbovu, hana kazi tena.

Nimeipiga picha na nimekuwekea humu. Kama kuna wa kudai kwamba Kaidi ni mali ya kituo, aanze kubishana na kitabu hicho.

Na ile karatasi yako, Kaka. Ulitia sahihi ukurasa wa kwanza, "kwa niaba ya familia". Naamini hukuusoma wa pili, kwa sababu ungeusoma usingetia sahihi. Huko ndiko yaliko maneno yatakayobandikwa kwenye kioo: Punda Kaidi, mali ya kituo, mtengenezaji hajulikani. Hajulikani. Mtu aliyepigilia msumari kila kiti walichokalia.

Najua nia yako ilikuwa njema. Ulitaka jina la Baba lisomwe na kila anayepita pale mapokezi. Lakini nisikudanganye kwamba ugomvi wangu ni jina. Afisa uhusiano wao alipoona nimekasirika aliniambia kosa hilo litarekebishwa siku hiyohiyo, jina litaandikwa, tena kwa herufi kubwa. Nikamwambia hata wakiliandika kwa dhahabu, jibu ni hapana.

Sababu ni huyu mpwa wako. Ulimwona akitambaa, sasa ana miaka saba, na Mama amempa jina la Hakimu kwa sababu husikiliza pande mbili kisha hutoa hukumu bila kuulizwa. Miaka miwili iliyopita alikuwa akitafuta kandambili chini ya kabati la Mama, akamkuta Kaidi amefungwa kwenye shuka. Taya lilikuwa limeshika kutu. Alikaa naye kitako, akamtazama, akauliza kwa nini hasemi.

Nikamwambia ameharibika. Akauliza kama nimempeleka kwa fundi.

Tukampeleka kwa fundi baiskeli wa pale pembeni. Yule kijana mwenye kitambi alimgeuza juu chini, akasema, "Dada, huyu breki zake zimekatika, na mbele hana taa." Akabadilisha waya na kumtia grisi. Jicho moja lilikuwa limeanguka, tukashona kifungo cha koti. Sikio la kushoto limeshonwa mara tatu. Tangu siku hiyo Kaidi hajakaa kabatini. Anakula mezani, anabishana juu ya kuoga, na alimaliza vile vipindi vitatu vya mtandaoni pamoja na Hakimu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Wapo wanaonisema kwamba mwanangu anatazama televisheni. Ni kweli, anatazama. Mimi na wewe tulitazama, na hakuna aliyepofuka. Nauliza tu anatazama nini, na baadaye anaamka kutoka pale sakafuni na kufanya nini. Mwalimu wake aliniita shuleni mwezi uliopita. Alisema mtoto akiambiwa ahamie dawati jingine anadai sababu nne. Nikamuuliza kama alidai kwa utovu wa adabu.

"Hapana, mama, ana adabu," mwalimu alisema. "Ila mimi ninazo mbili tu."

Nikamshauri atafute nyingine mbili. Hatukuagana vizuri sana, lakini tuliagana.

Wala usidhani nalilia vitu vya zamani. Vitu vyetu vya kuchezea vilikuwa vibaya. Wewe ulishonwa nyuzi mbili kwenye kidole kwa sababu ya gari la bati, na mwanasesere wangu kichwa kilikuwa kikitoka kila Ijumaa. Ofisini kwetu mpiga picha mkuu ananunua vigari vya utotoni mwake, anavipanga mezani ndani ya maboksi yake, na mfagiaji akivigusa ananguruma. Wanaume wa rika lako humzunguka wakilainika sauti. Mimi nawatazama nikijua wanachokitamani si kigari. Wanatamani magoti yasiyouma. Basi wayatamani, lakini wasimnyang'anye mtoto kitu chake ili wapate pa kuyatamania.

Hao wa kituo wametengeneza pia katuni mpya ya Kaidi. Afisa alinipa kipande nikaonje. Punda ana rangi ya kupendeza, anacheka muda wote, na akiambiwa twende anakwenda. Atauzwa pia wa plastiki, mwenye kitufe. Hakimu alitazama dakika nne. Akasema, "Huyu amekubali tu," akaondoka kwenda kuvaa viatu.

Alhamisi afisa alikuja nyumbani kumchukua. Sikumwita. Alikuja na karatasi yako, boksi lililotandikwa sponji, na glavu nyeupe za kitambaa. Ni mtu wa heshima, sitamsingizia. Alivua viatu, alimwamkia Mama, akakataa kiti mara moja kisha akakubali. Alipomwona Kaidi alisimama tena.

"Jicho hili si la asili," aliniambia. "Na waya huu ni mpya. Mama, mmeharibu historia."

"Tumeitengeneza," nikamwambia. "Ilikuwa haiwezi kusema."

Akaeleza kwamba kabati litafungwa kwa ufunguo, taa ndani, hakuna kugusa. Hapo Hakimu, aliyekuwa amekaa mkekani, akatia mkono ndani ya Kaidi. Taya likafunguka.

"Unataka niende?" Kaidi akauliza. "Nipe sababu."

Kaka, nimehoji mawaziri. Sijapata kuona mtu mzima akibadilika uso namna ile. Afisa hakumtazama mtoto, alimtazama punda machoni, jicho na kifungo, akakaa vizuri.

"Sababu ya kwanza," akasema, "wewe ni historia ya kituo chetu."

Mguu mmoja wa mbele ukanyanyuka. Hakimu ni mwadilifu. Sababu ikifaa, analipa.

"Ya pili, watoto wengi watakuona."

Mguu wa pili. Mimi nikaanza kuhesabu kwa vidole kama zamani, ila safari hii sikutaka ifike nne. Ningeweza kuingilia. Nilinyamaza kwa sababu, kama Kaidi ni wake, basi ni wake pia kumpoteza.

"Ya tatu, hapa unazidi kuchakaa. Kule utadumu."

Kaidi akafikiri. Hakimu akamtazama sikio lililoshonwa, akamtazama bibi yake. Kisha mguu wa tatu ukanyanyuka, taratibu. Mama akaacha kuchambua mchele.

Afisa alitazama glavu zake.

"Ya nne," akasema, "mkubwa wangu ameniagiza nisirudi bila wewe."

"Hiyo si sababu," Kaidi akasema. "Hiyo ni amri."

Miguu yote mitatu ikarudi chini.

Afisa alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema alikuwa akikitazama kile kipindi kwa jirani, dirishani, kwa sababu kwao hakukuwa na televisheni, na kwamba hakuwahi kujua kama taya lilikuwa la kamba au la nini. Hakimu akamwambia atie mkono aone. Akavua glavu. Alibana breki mara mbili tatu, punda akasema pwa, pwa, bila maneno. Alikunywa chai, akaondoka na boksi lake na sponji yake. Mlangoni aliniambia ataripoti alichokiona, lakini maadamu sahihi yako ipo, wanasheria wa kituo watakuja, na hao hawajui kucheza.

Kwa hiyo hapo ndipo tulipofika. Kaidi amebaki kwa siku chache tu, na kinachomwondoa ni sahihi yako, si ya mtu mwingine yeyote. Nimekuwekea barua fupi ya kuifuta. Iwafikie kabla ya tarehe ishirini na nane, siku ya sherehe yao. Nawe ukitaka jina la Baba lisomwe, nitaliandika mimi gazetini, pamoja na namba ya kile kibali. Hiyo ndiyo kazi yangu na naijua.

Usipoifuta, nitakuwa mlangoni. Nimekuheshimu tangu nijue kutembea, na nitaendelea kukuheshimu nikiwa nimesimama palepale mlangoni. Baba alitengeneza kitu cha kutiwa mkono. Kabatini miaka yote ile hakikuwa kimehifadhiwa, kilikuwa kimenyamaza, na sisi wawili ndio tuliokinyamazisha kwa kukifunga shuka Baba alipofariki na kukiita kumbukumbu. Hilo ni kosa letu sote, na silirudii kwa sababu tu safari hii kuna taa ndani.

Msalimie sana wifi, umwambie kitambaa alichonitumia nimekishonesha na kimenitosha bila kurekebishwa, jambo ambalo halijatokea tangu nizae. Wasalimie wanangu wawili, na yule mdogo aniandikie mwenyewe, asimtume dada yake. Shemeji yako anakusalimu, anasema katika jambo hili yeye hayumo, lakini anamtia Kaidi grisi kila mwezi. Fundi baiskeli naye, hakujui, lakini anakusalimu.

Mama ndiye nilidhani atakuwa upande wako, kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa na mimi kitindamimba, na kwa kuwa siku zote tano hizi hakusema neno. Leo nimemuuliza kama ana salaam za kuongeza kabla sijafunga bahasha. Aliendelea kukunja nguo mpaka zikaisha. Kisha akasema, "Mwambie ukubwa wake naujua, mimi ndiye niliyemzaa. Aifute."

Mungu akulinde kazini na njiani, akuponye mgongo, na akulainishe moyo kabla ya tarehe ishirini na nane.

Wako akupendaye, hata akikukatalia,

Kitindamimba