Sabre Ambayo Haikukata Keki Yangu

Papa,

Kitinda mimba wako, Dezire, amefungua mgahawa kando ya ziwa. Wiki mbili zilizopita alikuja kwa Mama, huku Rugerero, kuchukua sabre yako, kile chuma kirefu cha gwaride. Alitaka kuitundika ukutani nyuma ya kaunta, ikiwa nje ya ala, ili wageni waone inavyong'aa. Mama alisema tuamue sisi watoto. Nikamwomba Dezire anipe siku tatu na sikumweleza kwa nini, maana mwenyewe sikujua. Ni miezi saba tangu tukuzike, na nilikuwa bado sijaweza kufungua kabati lako.

Siku hiyo nikalifungua. Sabre ilikuwa palepale nyuma ya makoti, imeviringishwa katika lile blanketi la kijivu. Unakumbuka tulivyovuka mpaka kutoka Goma kuja Rwanda? Ulikuwa umeishonea ndani ya godoro la sponji. Mama alibeba masufuria, mimi nilimbeba Dezire mgongoni, wewe ukajitwika godoro, na kila askari aliyetutazama ulimsalimia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Vitu vingi vya Goma tuliviacha. Sabre ilivuka.

Harufu ya mafuta ya cherehani ilinirudisha kwenye Jumamosi zetu. Ulitandika gazeti barazani, mimi nikasugua shaba ya mpini kwa majivu na limau, wewe ukapaka chuma mafuta kwa kitambaa kilekile cha miaka yote, huku ukiimba sehemu ya tuba, lile tarumbeta nene la bendi: pom, pom, pom. Mama tulimsemesha Kinyarwanda, lakini wewe na mimi tulikuwa na Kiswahili chetu cha Goma. Nilipoanza kufundisha Kiswahili sekondari nikawa nakusahihisha, nawe ulicheka tu. "Bon, mwalimu, we sema ya kitabu, mi niseme ya barabara."

Kisha ulinipa nisome maandishi yaliyochongwa kwenye chuma. Chuma kile kilikuwa kizee kuliko wewe. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ofisa Mbelgiji, na jina lake lilikwanguliwa vibaya, herufi mbili za mwanzo bado zinaonekana. Juu yake wanamuziki wako walichongesha "Kwa Kapiteni wetu," na majina yao kumi na moja. Walikupa siku uliyostaafu. Hukuwahi kupigana vita, Papa. Uliongoza bendi ya jeshi, na kwa hilo watoto wa shule walinicheka. Wewe hukujali. Ulitaka niyataje majina yote, na nikiruka moja nilianza upya. "Ukisahau mutu mumoja," ulisema, "zawadi inabakia chuma tu."

Neno upanga hukulitaka ndani ya nyumba. Ni sabre, ulisisitiza, na mimi nilidhani ni maringo yako ya Kifaransa.

Nilipokaribia kuolewa na Faustin nilikuomba kitu kimoja. Nilikuwa nimeona picha za harusi za maofisa, bwana na bibi harusi wameshika sabre pamoja, wanakata keki. Nilitaka yako. Ulinyamaza siku nne. Siku ya tano ukaniambia, "Hapana, mwanangu. Ile sabre ni ya muziki, haiko ya kukata." Nililia. Nilikuambia unapenda chuma kuliko mtoto wako. Keki tuliikata kwa kisu cha jikoni, na katika kila picha mimi nimenuna. Wewe umesimama nyuma yangu na kepi yako ya jeshi kichwani, unatabasamu.

Miaka kumi na mmoja nimelibeba hilo. Niliendelea kuja kukuona, lakini si Jumamosi asubuhi. Shaba ulisugua peke yako.

Siku ya pili kati ya zile tatu nilikwenda Kanzenze kumwona mama mkwe wangu. Unajua yaliyompata: wakati wa mauaji ya kimbari mapanga yaliwamaliza watu wake, kwao wakabaki yeye na Faustin tu. Tulikuwa tunamenya viazi, nikamweleza habari za mgahawa wa Dezire, mazungumzo tu, bila nia yoyote. Akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwa kitenge chake, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akaniambia yale uliyomkataza kuyasema.

Kwamba wakati ule uliponinyamazia, ulifika kwake kwa pikipiki na kilo mbili za sukari. Ukamwuliza kama ataweza kukaa meza ya mbele na kuiona sabre ikichomolewa. Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama ameshika ukuta. Aliporudi ulikuwa umekwisha kuvaa kofia yako.

"Nimesikia, mama," ulimwambia. "Binti yangu atakasirika. Acha anikasirikie mimi. Akijua, atakuja kwako na machozi, na wewe ndiwe utakayembembeleza siku ya harusi."

Alinyamaza kwa sababu ulimwomba. Sasa umekwenda, alisema, na hataki niendelee kumlaumu marehemu kwa ajili yake.

Papa. Nilikaa pale na kiazi mkononi.

Aliniuliza sabre yenyewe ikoje, kwa kuwa hajaiona hata leo. Nikamwambia ina majina. Akataka nimtajie. Nilifika la saba, nikakwama, na ndipo nikalia kama sikulia siku ya mazishi. Yeye hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kisha akanipa ndoo nikachote maji.

Dezire aliporudi nilimweleza yote. Alitoka nje akasimama barazani. Alipoingia alisema tu kwamba ukuta wake utapata picha yako na wanamuziki, ile mliyopigwa mbele ya kambi. Ameitia fremu. Sabre tumeirudisha kabatini, ndani ya ala.

Nisamehe, Papa. Najua ungesema "ça va, ça va," yaani haidhuru, na kupunga mkono. Nisamehe hata hivyo.

Jumapili dada zako wanakuja kutoka Mahoko. Watataka niwasimulie harusi yangu, kama kila mwaka: jinsi Kapiteni alivyomnyima binti yake sabre. Wanakipenda sana kisa hicho. Nimekisimulia mara ngapi, Papa, watu wakacheka, na wewe umekaa hapohapo unakunywa chai yako bila kusema neno? Mama mkwe ameniruhusu. Safari hii nitaanzia pale ulipopanda pikipiki kwenda Kanzenze, na nitakisimulia hivyo mpaka watoto wangu nao wakijue.

Pumzika, Kapiteni.

Binti yako,
Solange