Betri ya Spika

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Sisi wa Butimba tu wazima, alhamdulillahi, ila shangazi yako bado anaumwa miguu.

Umeniuliza kuhusu mteja wa gereji yako anayetaka friji na taa za gari lake la kazi zitumie betri ileile ya kuwashia injini, kwa kuwa gari ni lake: umkatalie au umtii?

Nilipokuwa msichana, msikiti wetu ulikuwa na gari moja la kutangazia misiba na kubebea wagonjwa. Spika zake ziliungwa kwenye betri ya injini. Asubuhi moja lilizunguka likitangaza maziko ya mzee wa mtaa. Adhuhuri jirani yetu Mwanaidi akashikwa na uchungu wa kuzaa, nami nikapanda naye, nikampakata kichwa. Dereva alizungusha ufunguo. Injini ikakaa kimya.

"Sukumeni, jamani! Au wali wa msibani umewalemea?" dereva akatania.

Wanaume wakacheka, wakasukuma. Mteremko ulipoisha injini haijawaka, kicheko nacho kiliisha.

Mwanaidi akaniuliza, "Tumefika?"

Nikampangusa jasho.

Mengine namwachia Mola. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, Hamisi. Ila nguvu ya betri ile ilikuwa amana ya mtu ambaye asubuhi tulikuwa hatujamjua bado. Mweleze mteja wako hivyo, kwa upole.

Jioni ile fundi alizifungia spika betri ya peke yake. Tangazo la kwanza lililotoka humo lilikuwa la maziko ya Mwanaidi.

Mungu aihifadhi mikono yako.

Bibi yako