Rangi ya Ukuta wa Nyuma ya Kochi

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa tatu,
mchana, mvua imekatika sasa hivi.

Kitindamimba wangu mpendwa,

Hujambo mwanangu? Mkwe wangu hajambo? Na mjukuu wangu mwenye mapengo, meno yameanza kuota au bado anacheka kwa fizi? Huko kwenu najua sasa ni baridi. Nakuomba usitoke nje na nywele mbichi ukishaoga. Kifua chako nakijua mimi, nimekikeshea. Na mtoto naye mvalishe soksi hata akilia, kilio kinapita, kikohozi hakipiti.

Sisi huku wazima. Goti langu linanisumbua kukiwa na mawingu, nalibembeleza tunaelewana. Baba yako mzima, anakula, anabishana na redio kama kawaida. Nimetanguliza kusema ni mzima ili usiruke mistari kutafuta baya. Lipo jambo lake, ni la macho, na nitakueleza lote. Ila siwezi kulieleza bila kuanzia kwenye rangi ya ukuta, maana huko ndiko lilikotokea. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ikilia tu yeye yuko pembeni yangu, masikio ameyatega.

Unaikumbuka sebule yetu ilivyokuwa nyeupe. Ile nyeupe ilikuwa imechoka. Mvua zilipenya juu ya dirisha zikashuka na ukuta, zikaacha madoa ya kahawia. Mchana kazi zikiisha nilikuwa nakaa nayaangalia yale madoa mpaka naona watu ndani yake, mmoja kabeba kapu, mwingine kama anampungia mkono mtu aliye mbali. Siku moja nikajikuta nawaza yule wa kapu anaitwa nani. Nikasema hapana, kesho nitaanza kuwapikia. Tupake rangi.

Sasa kochi haliguswi, hilo unalijua. Baba yako alilivalisha mwenyewe enzi cherehani yake haipumziki, kitambaa akakichagua mwenyewe, rangi ya damu ya mzee, nzito, ya kukaa maisha. Wewe umelala humo ukiwa na surua, umejificha nyuma yake ukikwepa dawa. Kwa hiyo ukuta hautafutiwi kochi, kochi ndilo linalotafutiwa ukuta.

Shangazi yako alipita akasema nipake rangi ya maziwa, kila nyumba siku hizi ni rangi ya maziwa. Nikamwambia, wifi, ndiyo maana siitaki. Akasema basi paka matope. Tukacheka, akanywa chai akaondoka.

Mwenye duka la rangi alinipa kadi yenye vidirisha vidogo vidogo, kila kidirisha na rangi yake. Mwanangu, ile kadi ilinipa raha ambayo sikuitegemea. Nilikuwa naiweka juu ya mkono wa kochi, naitazama asubuhi, naitazama tena jua likihamia dirisha la pili. Rangi ileile ya asubuhi inakuwa nyingine mchana. Samawati inageuka kijivu, kijani kinasinzia. Nikawa napika huku nawaza kuta. Nikilala kidogo mchana, naota natembea kwenye nyumba yenye vyumba vingi, kila chumba rangi yake, na mimi sina haraka ya kwenda popote.

Katika kutazama huko ndipo nilipoona kwamba kochi lenyewe si damu ya mzee tena. Upande wa dirishani jua limelila taratibu miaka yote bila sisi kujua. Limekuwa na wekundu uliofifia, kama tofali lililooshwa na mvua nyingi. Nikalipenda hivyo hivyo. Nikachagua kwenye kadi rangi inayolingana na pale palipofifia, nikasema ukuta uwe mtoto wa kochi, wafanane sura.

Fundi rangi tulimwita yule tunayempa jina la Taratibu, maana kabla hajaanza huutazama ukuta kama anausalimia. Alikwangua madoa, akaziba nyufa, akapiga msasa, akapaka mkono wa kwanza, akangoja ukauke, akapaka wa pili. Mimi nilivua vile vitambaa vyangu vyeupe vya kufuma kwenye kochi nikavifua, visije vikapata matone.

Alipomaliza nilikaa mlangoni kwenye kigoda, nikatazama. Chumba kilikuwa hakina kona. Kochi na ukuta vilikuwa vimeshikana, hujui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, kama wingu la jioni limeingia ndani likakaa. Taratibu mwenyewe aliweka brashi chini akasema, “Mama, hapa mtu akilala atagombana na anayemwamsha.”

Baba yako alikuwa ametoka kwenda kunyolewa. Akarudi, akavua viatu, akasalimia, akaenda moja kwa moja kwenye kochi lake kama anavyoenda kila siku. Akageuka, akakaa. Akakaa hewani. Akaanguka kati ya kochi na meza.

Hakuvunjika, usiogope. Kiwiko kilichubuka tu. Na tulicheka, sikufichi, hata yeye alicheka akiwa bado chini. “Nani kahamisha kochi langu?” Taratibu akasema hakuna aliyeligusa, mzee. Ndipo nikauona mkono wa baba yako. Alikuwa anapapasa hewa, akalipata kochi, vidole vikatafuta mshono, vikaufuata mshono polepole mpaka kwenye kiti, kisha akajivuta akakaa. Macho yake yalikuwa yanatazama dirishani. Kicheko kikanikauka.

Hapo mambo yakaja yenyewe, moja baada ya lingine. Kile kidole anachokitia kwenye kikombe nikimmiminia chai, nikadhani anapima joto. Gazeti aliloacha kusoma akisema habari ni zilezile. Majirani ambao yeye hawasalimii mpaka wao waongee kwanza. Kumbe kochi alikuwa analijua kama kitu cheusi kilichokaa mbele ya kitu cheupe, basi. Mimi nikaondoa cheupe, nikavua na vitambaa, nikamwachia ukungu mtupu. Nilitaka vifanane, na vikafanana kweli.

Taratibu alipoondoka nikamwuliza, “Mzee, tangu lini?”

“Tangu lini nini?”

“Usinizungushe.”

Akakipapasa kiwiko. Kisha akasema, “Tangu cherehani ilipoanza kuumwa.”

“Cherehani haijawahi kuumwa.”

“Basi alikuwa anaumwa mwenzake.”

Mwanangu, na mimi nilikuwa nimemwamini kwamba ni mgongo. Alipoacha kushona alisema mgongo hauwezi tena kuinama, nikamsugua mgongo kwa mafuta muda wote huo, na yeye anatulia nisugue.

Akanikataza nisikuambie. Alisema utaacha kazi, utapanda gari, utafika hapa na begi na machozi. Mimi nimeona ukijua kidogo kidogo kwa kubahatisha utaumia zaidi. Tulia huko huko uliko, mwanangu. Unisome mpaka mwisho.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari akasema huondolewa, wataanza na jicho moja, likipona ndipo la pili. Baba yako akamsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akasimama. “Ninavyoona vinanitosha,” akasema. Tukarudi nyumbani. Nilikuwa nimemshika mkono, na yeye akijifanya ndiye aliyenishika mimi.

Nikamwita tena Taratibu. Hata kama mzee hataki daktari, ndani ya nyumba yake asitembee kama mgeni. Safari hii sikufungua kadi. Tulipaka rangi kwenye vipande vya maboksi, Taratibu akawa anavishika nyuma ya kochi kimoja kimoja, mimi nikasimama na baba yako mlangoni.

Tukaanza na nyeupe. Akafumba macho. “Hiyo inanimwagia mwanga, kama mtu ananimulika tochi.” Kumbe hata ile ya zamani ilikuwa inamchoma, akavumilia.

Tukaweka kijivu. “Kochi limesafiri.”

Samawati. “Lipo, lakini linaelea. Sikai kwenye chombo bila kuuliza kinaenda wapi.”

Tukaweka manjano, si ile kali, ni manjano iliyotulia, lakini manjano. Aliuachia mkono wangu, akatembea, akapita pembeni ya meza, akageuka, akakaa. Akaweka mguu juu ya mguu. “Hapa,” akasema.

Mimi manjano sikuitaka, mwanangu. Sikuwahi kuiota hata mara moja. Ile rangi yangu ya wingu ilifunikwa siku ile ile, na nilijikuta na kazi nyingi jikoni ili nisiione ikifunikwa. Nilimwomba Taratibu aniachie kidogo nyuma ya mlango, pale mlango ukifunguliwa hakuna anayeona. Akaniachia, akapanyosha vizuri kabisa kama vile ni ukuta wa mbele.

Shangazi yako alipoingia alisimama katikati ya chumba. “Wifi, sasa mtauza petroli au mafuta ya taa?”

Baba yako akamjibu kutoka kwenye kochi, “Sogeza gari tukujazie.”

Lakini nakuambia kweli, nimeizoea, na zaidi ya kuizoea. Hata mawingu yakitanda, ukuta unabaki na mwanga wake, kama umeuweka akiba. Mvua ilipokuwa inanyesha leo nilikaa hapa nikaona kochi limetulia mbele ya ile manjano kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Vumbi dogo linaelea, saa inasikika, baba yako anasinzia. Nikawa sijui kama nimekaa sasa hivi au nimekaa zamani, na wewe uko nyuma ya kochi unakwepa dawa.

Sasa sikia lililotokea. Juzi alikuwa amekaa, mkono wake juu ya ukuta, akaniuliza, “Hii ni manjano gani?”

Nikamwambia manjano tu.

“Hakuna manjano tu. Ya uzi upi?”

Nilikwenda kwenye kasha lake la nyuzi nikaleta zote za manjano, na za machungwa, na za dhahabu, nikamwekea mapajani. Wewe unamjua. Huyu mtu alikuwa anaweza kusimama dukani akakataa uzi ambao sisi wote tunaona ni sawasawa na nguo. Akawa anainua moja moja, anaisogeza karibu na pua, anaielekeza dirishani, anairudisha. Akaziinua zote. Kisha akazirudisha kwenye kasha kwa kupapasa, akafunga kifuniko. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika.

“Naishi kwenye nyumba nisiyojua rangi yake,” akasema. “Mwambie daktari nakuja.”

Basi ni Alhamisi hii. Wataanza na jicho la kulia. Barua ikikufikia huenda yatakuwa yamepita, na ukiona sijakupigia simu nikilia, ujue yamepita vizuri. Kabla ya hapo na baada ya hapo uniombee. Daktari anasema ni kazi ndogo, lakini yeye jicho si lake. Naamka na wasiwasi, nasali, nafagia, wasiwasi unarudi umekaa palepale. Na ukipiga, usimwulize habari za macho. Acha akuambie mwenyewe, na ukiambiwa, shtuka kidogo.

Kuna jambo lingine, nakuandikia wewe tu kwa kuwa ni mwanamke mwenzangu. Yeye kochi bado analiita damu ya mzee. Sikuwahi kumwambia limepauka. Na mimi pia ananisifia uso wangu vilevile kama zamani, na nimekuwa nikizipokea hizo sifa kwa raha zangu, nikidhani anasema kwa mapenzi. Sasa nimejua alikuwa anasema anachokumbuka. Jana nilijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, upande wa dirishani.

Jioni nikakaa karibu naye. Nikamwuliza, “Mzee, wakikufungua jicho, ukakuta kochi limepauka, si lile ulilolijua, utafanyaje?”

Aliupapasa mshono wa mkono wa kochi. Kisha akageuza uso wake wote kwangu, si kwenye kochi.

“Nitakaa nalo,” akasema. “Uliniita nichague ukuta tu. Kochi nilishalichagua zamani.”

Nilikwenda kuchemsha chai, nikatia sukari mara mbili, akainywa yote bila kulalamika.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie nashukuru anavyokutunza. Mbusu mjukuu wangu kwenye pengo. Shangazi yako anakusalimu na anasema unenepe kidogo. Taratibu naye anakusalimu ingawa hakujui, anakujua kwa picha ya ukutani aliyoishusha na kuipandisha mara mbili. Baba yako hajui kama naandika, lakini salamu zake ninazo siku zote.

Mungu akufunike popote ulipo, akuamshe salama, akulaze salama, na macho yako ayaachie nuru mpaka uzeeni.

Ni mimi mama yako, ninayekuwaza nikiwa macho na nikiwa usingizini.