Resori ya Kuume

Kasongo, karibu na misheni
Tarehe 24 Agosti 1956

Mpendwa Yaya Pierre, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mapendo mengi, wewe na wifi yangu Cécilia na watoto wote. Baridi ya Elisabethville ya mwezi huu inasimuliwa hata huku kwetu. Je, kifua cha mtoto kimepona? Na mgongo wako uliokusumbua mwaka jana, umetulia? Sisi huku tunaamka salama, tunamshukuru Mungu. Mama bado ana nguvu, analima karanga zake mwenyewe na hataki kusaidiwa. Vumbi la kiangazi limetufunika, hata majani ya migomba yamekuwa mekundu. Baba pia mwili wake ni mzima, isipokuwa macho. Nilikuandikia kwamba yanafifia. Sasa hayaoni tena. Anajua mwanga na kivuli, basi.

Yaya, kaa kwanza kabla ya kuendelea. Shangazi Régina ametutoka. Alifariki kule Kabambare Jumapili iliyopita, mchana, Baba akiwa amemshika mkono. Tulimzika karibu na mume wake, kama alivyotaka. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikutaka upate habari ya kifo peke yake. Kuna jambo jingine lililotokea katika safari hiyo, nalo linakuhusu. Nitaanza mwanzo, nawe unisome kwa subira.

Aliyetuletea habari ya ugonjwa ni Abedi, yule mwenye duka la nguo, aliyekuwa ametoka Kabambare kwa baiskeli. Alisema Shangazi hali tena chakula na anamwita mdogo wake. Kamyo ya mizigo na watu ya kwenda kule ilikuwa imekwisha kuondoka, na hakuna aliyejua nyingine itapita lini. Baba aliinuka, akaupapasa ukuta mpaka nyuma ya nyumba, akasimama na kuweka mkono juu ya motokari yake.

Unaikumbuka, ile pikapu ya kabla ya vita aliyoachiwa na bwana wake wa kampuni ya pamba. Ilikuwa imekaa pale tangu mvua za Machi, imelalia upande wa kushoto. Resori yake ya mbele, yaani yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine yanayobeba uzito wa gari, ilivunjika upande huo Baba alipokuwa anarudi kutoka Nyangwe na samaki. Resori mpya mbili alikwisha kuzipata. Zilikuwa chini ya kitanda chake, zimepakwa grisi na kufungwa katika gunia. Zilikosa mtu wa kuzifunga, na gari mtu wa kuiendesha. Mume wangu yuko Salamabila kwenye kazi ya dhahabu, na fundi wa mjini alituambia tumngoje mpaka mwezi ujao.

Alibaki François.

Najua jina hilo ukiliona utataka kukunja karatasi. Usikunje, Yaya. Tangu kamyo aliyoiendesha ilipopinduka kwenye mteremko wa mto Luama, njia hii hii ya Kabambare, na kumuua mdogo wetu Placide, aliyekuwa amepanda pamoja naye, hakuna mtu wa nyumba yetu aliyempa salamu, ingawa ua wake na wetu umetengwa na mstari wa minyaa tu. Miaka minne. Watu wa teritware, ofisi ya serikali, walichunguza wakasema resori ya mbele ilikatika, dereva hana kosa. Wewe ulisema huo ni uongo. Baba alisema zaidi. Alisema dereva mwenye masikio anaisikia resori kabla haijakatika, na kwamba François alisikia akapuuza. Maneno hayo aliyasema sokoni, akayasema nje ya kanisa mbele ya mke wa mtu huyo.

Mimi ndiye niliyekwenda kumwita. Baba hakunituma, wala hakunizuia. François alikuwa ananoa panga. Aliponiona nimesimama katika ua wake aliinuka haraka, akidhani nimekuja na msiba. Nilimweleza. Alinawa mikono, akachukua kriki yake ya kuinulia gari na mfuko wa funguo, akanifuata.

Baba alisikia hatua zake. Akasema bila kugeuza uso:

"Tia mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, gari isitembee."

Ndiyo salamu aliyompa.

Kazi ilianza. François aliinua mbele kwa kriki, akaingiza magogo ya mti mgumu chini ya shasi, kwa sababu kriki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayelala chini ya chuma. Akatoa magurudumu. Zile pingu za chuma zinazobana resori zilikuwa zimeshikwa na kutu, zikakataa kabisa. Alizimwagia mafuta ya taa, akangoja, akapiga nyundo, akamwaga tena. Baba alikaa juu ya kinu cha zamani kilichopinduliwa, akisikiliza. Mara kwa mara aliniuliza mimi, si yeye: "Amefungua ya ndani?" Nami nilijibu: "Amefungua, Baba." Watu wawili walikuwa wakisema kupitia mdomo wangu, na umbali kati yao haukuzidi mkeka mmoja.

Mama alileta maji ya kunywa. Kikombe cha François alikiweka chini, akaondoka bila kumtazama.

Ya kushoto ilitoka, mpya ikaingia. Mimi nilifikiri tumemaliza. François alijifuta jasho, na kwa mara ya kwanza akamwita Baba kwa jina la heshima, la mtoto wake wa kwanza:

"Baba Pierre, tubadilishe na ya kuume."

"Ya kuume iko muzima," Baba akasema. "Nimeiendesha mimi mwenyewe, nimeisikia na masikio yangu. Dada yangu anakufa. Funga magurudumu, twende."

"Tukiacha ya zamani huku na mupya huku, gari itaegemea. Na ile njia ya Luama, naijua."

Alitaja Luama. Hakuna aliyelitaja jina hilo katika ua wetu tangu matanga. Nilingoja Baba amfukuze.

"Itoe basi," akasema. "Utaona umefanya kazi ya bure."

Ikatoka. Nami niliitazama vizuri, Yaya, nikaiona nzima, imejaa grisi na vumbi tu. François aliilaza juu ya jiwe, akafungua buloni ya katikati inayoshikanisha mabamba, akayatenganisha. Lile bamba kubwa la juu alilipiga nyundo kidogo. Halikulia kama chuma kinavyolia. Lilitoa sauti iliyokufa. Alilipiga tena, si kwa nguvu, likakatika vipande viwili mahali palipokuwa pamefunikwa na pingu, ambapo jicho la mtu haliwezi kufika.

François alivitazama vile vipande, kisha akanitazama mimi. Angeweza kunyamaza. Nadhani alitaka kunyamaza, kwa ajili ya uzee wa Baba. Lakini Baba alikuwa amesikia.

"Ni nini?"

"Imekatika, Baba Pierre."

"Nipe."

Aliushika mkato, akaupitishia kidole gumba polepole, upande hata upande. Kisha akaniita. "Emilienne, niambie rangi yake. Usinifiche."

Nilimwambia nilichokiona: karibu mkato wote ulikuwa mweusi, una kutu na grisi ya zamani, ukingoni tu palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa. Ufa huo ulikuwa wa siku nyingi. Motokari ilikuwa inashikwa na ule mstari tu, na ndani yake siku ya Noeli tulipanda Mama, mimi na watoto wangu wote kwenda misa, Baba akiendesha.

Baba aliteremka kutoka kwenye kinu, akaketi chini mavumbini.

"Ilikuwa inapasuka chini yangu," akasema, "na mimi sikusikia kitu." Halafu: "François. Ile ya kamyo, ilikatika namna hii?"

"Ndiyo, Baba Pierre. Pale pale, chini ya pingu."

"Na ulisikia?"

"Sikusikia. Mungu ananiona. Nimejiuliza kila siku kama nilisikia. Sikusikia."

Baba alinyosha mkono kumtafuta, akaunyosha upande ambao François hakuwapo. François akasogea mpaka mkono ulipokuwa.

"Nimekuonea, mwanangu," Baba akasema. "Nimekuonea mbele ya watu."

Jikoni mchi wa Mama ulinyamaza. François alilia kidogo, kisha akainama akaendelea na kazi, na tangu hapo Baba aliacha kuniuliza mimi. Alimuuliza yeye mwenyewe.

Tuliondoka kesho yake asubuhi, François kwenye usukani, Baba kando yake, mimi nyuma na mizigo. Ilikuwa mara ya kwanza Baba kupanda gari yake bila kuiendesha. Alikaa mikono magotini, akikaza masikio kwa kila shimo. Gari ilikwenda sawa.

Tulipofika kwenye mteremko, Baba alijua kwa namna gari ilivyoanza kushuka. Aliomba tusimame. François alimshika kiwiko, akamwongoza mpaka kwenye majani kando ya njia, akamwonyesha mahali kamyo ilipoangukia kwa kuuweka mkono wa Baba juu ya shina la mti. Hapo Baba akauliza jambo ambalo sisi sote hatukuwahi kuuliza. Alikufa namna gani?

François alisema Placide hakufa mara moja. Alimpakata kichwa mpaka mwisho, na maneno ya mwisho yalikuwa haya: "Mwambie Mama sikuwa peke yangu."

"Nilikuja kwenu siku ya matanga kuyaleta," alisema. "Nikarudishwa mlangoni."

Yaya, aliyekuwa mlangoni siku hiyo ni wewe. Siandiki hivi ili nikulaumu. Ulikuwa umetoka kumzika mdogo wako, na hakuna katika sisi aliyejua mtu huyo amebeba nini. Lakini nimeona nikikuficha nitakuwa nimekuibia.

Shangazi tulimkuta hai. Alipoambiwa kwamba mdogo wake haoni alicheka kidogo, akasema, "Basi tuko sawa. Mimi sisimami, wewe huoni. Keti hapa." Walizungumza Kibangubangu siku zile zote, habari za utoto wao ambazo mimi sikuwahi kuzisikia. Jumapili alilala, hakuamka. François alichimba kaburi pamoja na vijana wa ukoo, na watu walipouliza ni nani, Baba alijibu, "Ni mutoto wangu wa Kasongo."

Tuliporudi Mama alitoka uani kutupokea. François hakungoja mtu amsemee. Alivua kofia, akamwambia yale maneno. Mama akauliza:

"Alisema hivyo? Na kinywa chake?"

"Na kinywa chake, Mama."

"Sema tena."

Alisema tena. Mama alimtaka aseme mara nyingine, akasema. Unajua, Yaya, jinsi Mama alivyozoea kuuliza kila msimu wa mvua kama mtoto wake alilala njiani peke yake. Alimshika François mkono, akamwingiza nyumbani, akafunga mlango. Walichozungumza sikijui. Walipotoka Mama alipakua wali na samaki, akamwekea yeye kabla ya Baba, na Baba hakujua, au alijifanya hajui.

Baba anakubariki. Amenituma nikuandikie kwamba ukipata likizo uje, naye angependa upitie kwa François kabla ya kuingia kwetu. Mama anakusalimu, na anataka uyapate yale maneno ya Placide kama yalivyo. Ndiyo maana nimeyaandika bila kuongeza. Watoto wangu wanamsalimu mjomba wao. Wasalimie wifi Cécilia na jamaa zote za Kasongo walioko huko.

François naye anakusalimu. Aliniuliza kwanza kama anaweza. Anasema siku utakayokuja atakuja kukupokea ukishuka treni, ikiwa utakubali kupanda gari naye. Jibu la hilo, Yaya, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Mungu akulinde nyumbani na kazini, aitulize mioyo yenu kwa ajili ya Shangazi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Emilienne