Ribiti za Orrin

Jumanne, 4 Machi 2014

Silikoni ya kumiminia kalibu imefika. Si ile yetu ya siku zote — ile imekwisha dukani. Hii ni aina bora zaidi, eti kalibu yake haichakai upesi. Nimefurahi. Daraja la mfano la Orrin, mume wangu, linastahili kitu kizuri.

Kutwa yuko jikoni analipapasa. Plastiki tupu, urefu wa mkono mmoja, na tunaliita "mama" kwa kuwa seti zote za resini, plastiki ya kumimina, zitazaliwa kwake. Mama mwingine hakuna. Daraja lenyewe la chuma, lile la Tannery Creek, lilibomolewa mwaka juzi likauzwa chuma chakavu. Orrin alilikagua ujana wake wote kazini kwenye reli, akaenda kulipima mwenyewe kabla mashine hazijaja. Kwenye hili la mfano kila ribiti, yaani kijichwa cha msumari wa kuungia chuma, kaibandika kwa ncha ya sindano. Kisha macho yakamkatalia. Sasa uso wangu anauona kwa pembeni tu, katikati ni giza.

Kaniambia nimimine taratibu. "Usije ukamwaga kama supu ya kabichi." Nikamwambia ale biskuti zake anyamaze.

Jumatano, 5 Machi

Majivu ya Kwaresima kanisani asubuhi, kisha kazini, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Nimeulaza ubavu wa kulia wa daraja kwenye udongo wa kufinyangia, nikazungushia kuta, nikamimina. Uzi mwembamba, kutoka kona moja. Tuiache igande.

Alhamisi, 6 Machi

Haijaganda.

Juu ni mpira mzuri kabisa. Chini, palipogusana na udongo — ute. Nimevuta, umekuja na nyuzi kama asali. Nimekaa sakafuni na aproni yangu.

Silikoni hii haipatani na salfa, na udongo wetu una salfa. Ile ya zamani haikujali. Hii inagoma. Kila anayemimina kalibu anajua hilo, hata mimi nalijua! Lakini mkono ulizoea kopo lile lile la udongo, ukalichukua wenyewe.

Orrin kauliza kutoka juu ngazini kama imetoka. Nikasema bado, baridi ya huku chini inaichelewesha. Kasema sawa, hana haraka. Sauti yake ilikuwa na haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Spiriti na mswaki laini tangu asubuhi. Ute unatoka kidogo kidogo. Kwenye pembe, chini ya boriti, umeng'ang'ania.

Jioni samaki wa kukaanga wa Kwaresima kwenye jumba la zimamoto. Sikutaka kwenda. Virgil Stupak wa klabu ya treni ndogo kaja na sahani yake mezani kwetu. "Shemeji, huyo mama wa daraja umemficha kama bibi harusi. Wazee watakufa hawajamwona." Watu wakacheka. Orrin hakucheka. Kasema hiyo ni kazi yake ya mwisho, na ndiyo pekee ambayo hakuna mkono mwingine uliogusa. Kalisema polepole, meza nzima wakasikia.

Nimesukuma sahani yangu kando.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya ujinga. Pembe ya chini ilikuwa bado inanata, spiriti haifui dafu, nikachukua thina ya rangi. Tone moja tu kwenye pamba. Thina huyeyusha plastiki! Nimeipangusa mara moja, na pamba ikaondoka na ribiti. Safu nzima ya pembeni imelainika, imebaki laini kama kucha.

Nimelia. Kisha nimewasha redio, asisikie.

Jumatano, 12 Machi

Nimwambie? Jana nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza kaniuliza kahawa iko wapi. Mara ya pili alikuwa ananyoa kwa kupapasa kidevu, nikaona siwezi.

Orrin ana neno lake. Siku aliyotoka kwa daktari wa macho aliingia, hakuvua hata koti, kaniambia "vuta kiti." Nilipotaka kujifunza kumimina resini, tulipooana, alianza hivyo hivyo: vuta kiti. Mimi sina neno la kuanzia.

Kwa hiyo nimekaa na sindano yake. Nimekata uzi wa plastiki vipande vidogo kuliko mbegu ya haradali, nimevibandika kimoja kimoja chini ya kioo cha kukuzia. Jicho linasema vimenyooka. Kidole changu kinasema vimenyooka. Lakini kidole changu si chake.

Jumapili, 16 Machi

Udongo mpya, usio na salfa. Silikoni ile ile. Imeganda vizuri sana, imevulika kama soksi. Baada ya misa nimemimina resini, na kipande cha kwanza kimetoka bila povu hata moja. Ribiti zote zipo. Zake na zangu. Mpira huu haubagui, umenakili kila kitu.

Kilikuwa bado na joto mkononi. Kwa dakika moja nilisahau woga, nilifurahi tu.

Jumatatu, 17 Machi

Virgil kapiga simu, maonyesho ya klabu ni Jumamosi, atakuja kuchukua seti Ijumaa. Orrin ndiye aliyepokea. Kamwambia haziendi popote kabla hajakipitia kipande cha kwanza kwa mkono wake.

Amekaa kwenye meza ya jikoni sasa hivi, mgongo kwangu. Nimempa. Kanusa kwanza. Kasema hakina povu, hongera. Halafu kaanza juu kushoto, kidole gumba, ribiti moja moja, midomo ikicheza. Naandika hapa kando ya jiko ili mikono yangu iwe na kazi.

Kamaliza boriti ya juu. Anatabasamu. Ananisimulia ribiti ya pale katikati, kwamba kwenye daraja la kweli ilikuwa imelegea, kila treni ikipita inalia.

Anashuka na nguzo. Sasa boriti ya chini. Anakwenda kulia.

Kafika pembeni.

Kidole kimesimama. Kimerudi nyuma, kimepita tena. Kainua kipande hadi kwenye shavu lake, kama anavyofanya na vitu asivyovielewa, kisha kakiweka mezani na kidole kikarudi pale pale.

"Nadine," kasema, bila kugeuka. "Vuta kiti."

Kidole bado hajakitoa.